Akriliki, rangi za maji au rangi ya mafuta? Nataka kuanzisha darasa tulivu la kuchora, Bagamoyo

BintiDunda
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kwa waliowahi kuwashikisha brashi watu wazima. Nataka kila Jumamosi nikusanye watu wanane, saa tatu asubuhi hadi saa tano, wachore kwa utulivu basi. Sitafuti kutoa wasanii. Kazi hiyo ina wenyewe, TaSUBa, taasisi ya sanaa na utamaduni, wanaifanya hapa tangu pakiitwa Chuo cha Sanaa mwaka 1981. Nawawaza walimu wenzangu, akina mama wanaouguza wazee nyumbani, vijana wanaotoka zamu ya usiku. Watu ambao mara ya mwisho kuchora walikuwa shule ya msingi.

Nimekwama pawili. Rangi: ya mafuta kama ya picha za tingatinga, akriliki (inayochanganywa na maji, ikikauka inakuwa kama plastiki), au zile rangi za maji za kwenye karatasi? Na mahali: ufukweni, Ngome Kongwe, au uani kwetu chini ya mwembe? Fedha niliyonayo inatosha aina moja tu ya rangi.

Fundi_Habodi
Dada, tingatinga ndiyo imenisomeshea watoto, kwa hiyo nisikilize vizuri nikikwambia kwa darasa lako isiwe hiyo.

Marehemu Edward Saidi Tingatinga alipoanza pale Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, alichorea habodi, zile mbao nyembamba za kiwandani, kwa rangi ya kupakia baiskeli. Ndiyo iliyokuwepo, na inang'aa kweli. Lakini ina masharti yake. Unapaka usuli, yaani rangi ya nyuma ya picha, unasubiri ukauke, na kwa unyevu wa pwani hii unaweza kusubiri mpaka kesho yake. Ndipo unamchora mnyama, unamjaza, unasubiri tena, halafu madoa na mistari. Ukiharakisha, nyeusi inaingia kwenye njano na kazi yote inachafuka. Saa mbili zako zitaishia kwenye usuli.

Halafu harufu, ya rangi yenyewe na ya tina ya kuoshea brashi. Kwenye watu wanane hukosi mwenye pumu au mjamzito. Wamekuja kupumzika, wataondoka vichwa vinawagonga.

Ila chukua kitu kimoja kwetu. Mwanafunzi akija, hatumwachi akodolee ubao mtupu. Anaanza na usuli: rangi nzito juu, ikififia kushuka chini, brashi inakwenda na kurudi, inakwenda na kurudi. Mpaka amalize, mkono umeshalegea na woga umepungua.

Mchana_Kweupe
Mimi nasema rangi za maji, wala sibabaiki. Kisanduku kidogo, brashi moja, kikopo cha maji, karatasi. Hakuna harufu, na vyote vinaingia kwenye kikapu kimoja. Lowesha karatasi, gusisha ncha ya brashi yenye bluu, kisha acha. Ile bluu inatambaa yenyewe, inatoa vidole vidogo vidogo pembeni, inatulia inapotaka. Nimeona watu wazima wanaacha kuongea katikati ya sentensi kwa kuitazama tu.

Mwl_Kisutu
Mchana_Kweupe, kwa kuitazama nakubaliana nawe. Kwa anayeanza, ngumu. Rangi za maji hazina nyeupe, nyeupe yako ni karatasi, na ukishaifunika hairudi. Unatoka kwenye rangi hafifu kwenda nzito, ukikosea hatua inabaki inakutazama. Niliwahi kuwa na mama mmoja aliyetaka kufuta wingu, akasugua na kusugua mpaka karatasi ikatoboka. Akakunja vitu vyake, hakurudi tena. Hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu kosa lilikuwa langu. Nilimpa karatasi nyembamba. Inatakiwa ile nene, gramu 300 kwa mita mraba, na mimi huiagiza Dar.

Akriliki inakauka kwa dakika chache. Kosa likikauka, unapaka juu yake na maisha yanaendelea. Mtu akishajua hivyo, mabega yanashuka. Na brashi unaosha kwa maji na sabuni tu.

Tatizo lake hapa kwetu ni joto na upepo, rangi inakaukia kwenye sahani kabla hujaitumia. Tandika kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa, juu yake karatasi ya kuokea, rangi ikae hapo. Toa kidogo kidogo, kiasi cha punje ya harage. Brashi isiyotumika ilazwe kwenye maji, maana akriliki ikikaukia kwenye nywele zake hiyo brashi huna tena. Waambie waje na kanga kuukuu pia, kwenye nguo haitoki.

Na angalizo moja: ukifika duka la vifaa vya ujenzi ukasema "rangi ya maji", utapewa ya ukutani. Usiirudishe, nunua kopo dogo jeupe. Vuta kitambaa cha amerikani kwenye fremu ya mbao, ukubwa wa daftari, paka hiyo nyeupe mara mbili. Kanvasi za darasa zima umezipata.

BintiDunda
Mwalimu, hapo kwenye punje ya harage umeniokoa, nilikuwa nimejipanga kumwekea kila mtu rangi kumi na mbili!

Mwl_Kisutu
Nyekundu, njano, bluu na nyeupe. Basi. Rangi nyingi zinamfanya mtu achague badala ya kuchora. Kijani atakitengeneza mwenyewe, na atakifurahia kuliko cha kwenye chupa.

Nahodha_Mstaafu
Kuhusu ufukweni, mwanangu, ngoja nikusaidie hesabu. Maji yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake zinasogea mbele kama dakika 50. Zidisha kwa siku saba, inakaribia saa sita. Maana yake Jumamosi hii saa tatu mkikuta maji yamekupwa, Jumamosi ijayo saa ileile yamejaa. Kila wiki utahamisha watu. Upepo wa kusi ukivuma utachora na mchanga ndani ya rangi. Nendeni mara moja moja kutazama bahari, mkachoree nyumbani.

Mchana_Kweupe
Na Ngome Kongwe? Kuta zile na kivuli kile vinatuliza.

Fundi_Habodi
Ni pazuri, lakini ni mali ya mambo ya kale, utahitaji kibali, na wageni wanapita siku nzima. Anayejifunza akisimamiwa nyuma na mtu asiyemjua, mkono unakakamaa. Uani, dada.

Bi_Ukili
Wanangu, mimi hayo ya akriliki siyajui, nasuka mikeka. Lakini nimecheka kusoma eti akina mama wa hapa mara ya mwisho kuchora walikuwa shule ya msingi. Nani anayemchora bibi harusi piko mpaka kwenye kiwiko, bila kufuta, bila rula? Mwanamke akikwambia hajui, muulize kama amewahi kumpaka mtu hina. Muanzishie hapo, kwa ua lile analolijua.

Na usiwajazie maneno. Sisi kwenye ukili tukishakaa, anayetaka kusema atasema, anayetaka kunyamaza anaachwa.

Zamu_ya_Usiku
Nafanya kazi wodini, naongeza hili. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, waliwapa watu wazima 39 dakika 45 za kufanya sanaa. Takriban robo tatu yao homoni ya msongo, kortisoli, ilishuka, na uzoefu wa sanaa haukuleta tofauti kubwa. Walitumia kalamu za rangi, udongo na kubandika picha, na ni watu wachache, kwa hiyo tusilitangaze kama dawa. Dada, usiliite darasa lako tiba. Mtu akianza kulia, mwache alie, mpe maji. Ukiona hapati usingizi wala hali chakula, msindikize hospitali.

BintiDunda
Narudi na majibu baada ya Jumamosi tatu. Nilichukua akriliki na uani.

Ya kwanza niliiharibu. Niliweka picha ya mlango wa kuchonga wa Mji Mkongwe wote waige, na nusu saa nzima kila mtu anachungulia cha mwenzake. Ya pili nikafuata ya Fundi, usuli tu: bahari na anga, bluu ikififia. Uani kukawa kimya, nasikia brashi zinavyogonga vikopo. Bi Ukili, ua la piko nimelitumia wiki hii. Jirani yangu anayemuuguza mama yake alichora moja tu, jeupe, juu ya bluu. Akalikosea, akasubiri likauke, akalipaka tena. Saa tano ilipofika aliomba abaki kidogo, nikamwachia sahani na kahawa.

Kilichobaki ni mvua. Masika ikianza tutahamia barazani, na pale kanvasi nane za kuanikwa hazienei. Fundi, ile rafu ya kukaushia habodi huwa unaipigilia vipi? Mbao ninazo.

Fundi_Habodi
Misumari miwili miwili ukutani, vichwa vielekee juu kidogo, unapachika fremu kama sahani kabatini. Jumatano nikitoka kazini napita hapo, niwekee nyundo.