Naomba ushauri: "grave" na "tomb" natofautishaje?

Habari za jioni wakuu. Niko Bagamoyo, huu mwezi wa nne natembeza wageni, na kuna maneno mawili ya Kiingereza yananitoa jasho: "grave" na "tomb". Kwetu yote kaburi tu.

Juzi kwenye magofu ya kale ya Kaole, tumesimama mbele ya kaburi lenye mnara wa mawe ya matumbawe, nikasema "grave". Mama mmoja mgeni akanirekebisha kwa upole: "tomb". Sawa. Jioni tukafika makaburi ya Wajerumani, nikajitutumua na "tomb" yangu mpya, akacheka: hapa sasa ni "graves". Nikabaki nakuna kichwa.

Kamusi yangu inaandika "kaburi" kwa yote mawili, basi. Mwenzangu mzoefu anasema "grave" ni pale mtu alipofukiwa, "tomb" ni jengo la kuhifadhia maiti au lililojengwa juu yake. Inaingia akilini, lakini siku hizi mbona hata kaburi la kawaida linajengewa kwa saruji na vigae?

Naomba wanaojua wanisaidie. Kwanza, kujengewa kuzidi kiasi gani ndiyo linakuwa "tomb"? Pili, Livingstone: mwili wake ulipita hapa Misheni mwaka 1874, ukaenda kuzikwa Westminster Abbey, chini ya sakafu ya kanisa. Hilo niliite nini? Wageni wa Uingereza hawakosi kuuliza, na Jumamosi asubuhi nina kundi lao.