Kushusha volti 12 hadi 5: dayodi inachemka

Habari zenu mafundi. Nimeunda saketi ya kushusha volti 12 za betri ya sola hadi volti 5 za kuchajia simu, kwa kutumia chipu ya kushusha volti LM2596, koili ya mikrohenri 33, na dayodi 1N4007 pamoja na kapasita nilizong'oa kwenye redio mbovu. Bila mzigo inatoa volti 5 kamili, lakini nikichomeka simu mbili hushuka hadi 4.3, na dayodi huwa ya moto kiasi cha kutoshikika. Kosa liko wapi?

Jibu la 1
Ndugu, kosa ni hiyo dayodi. 1N4007 ni ya kunyoosha umeme wa hezi 50 au 60, ilhali LM2596 huwasha na kuzima mara 150,000 kwa sekunde. Kabla dayodi haijafunga, swichi iliyo ndani ya chipu hiyo imeshawaka tena, na mkondo unaorudi nyuma kupitia humo hugeuka joto. Isitoshe, uwezo wake ni ampea 1 tu. Weka dayodi ya Schottky, yaani aina inayofunga haraka, kama 1N5822, inayobeba ampea 3.

Muuliza swali
Ahsante sana. Nimeibadilisha, na kwa simu zilezile mbili napata volti 4.96. Ila koili bado inalia kwa mbali.

Jibu la 2
Kilohezi 150 hazisikiki kwa sikio la mtu, kwa hiyo mlio huo unaonyesha kuwa saketi inayumba. Mimi ningeshuku kwanza kapasita ya kutokea (upande wa volti 5), maana za redio kuukuu mara nyingi huwa zimekauka. Weka mpya yenye ukinzani mdogo wa ndani, na ile ya kuingilia (upande wa volti 12) uilehemu karibu kabisa na miguu ya LM2596.