Tumekatiwa chaneli za ndani kwa ugomvi wa mikataba, lakini kifurushi tunalipishwa bei ile ile

Ndugu wanajukwaa, nitaandika kwa kirefu kwa sababu maelezo mafupi tumekwisha kuyatoa kwa simu na kwa mawakala, na hakuna aliyeyafanyia kazi.

Sisi wakazi wa Moshi tunaotumia king'amuzi cha dishi cha kampuni moja, ambayo sitaitaja jina kwa kuwa tabia hii haikuanza nayo, tumekuta chaneli kadhaa za ndani zimeondolewa, ikiwemo ile ambayo kaya nyingi za huku huifungulia taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Mvua haihusiki, wala mitambo haijaharibika. Ukifika kwenye namba ya chaneli, kioo kinakuwa cheusi na maandishi meupe yanakueleza kwamba chaneli haipatikani kwa sasa, kwamba mazungumzo ya mkataba na mwenye kituo yanaendelea, na kwamba kampuni inaomba radhi kwa usumbufu. Chini ya radhi hiyo linapita tangazo la kukushawishi uhamie kifurushi cha bei ya juu.

Wafanyabiashara wawili kuvutana bei ni jambo la kawaida na sina neno nalo. Ninalolalamikia ni kwamba wakati wanavutana, mteja anaendelea kulipa kifurushi kizima, bei haipungui hata shilingi, siku hazifidiwi, na kwa hiyo aliyezima chaneli hana sababu yoyote ya kuharakisha mazungumzo. Fedha zetu zinaingia kwake zote kama kawaida, na kama kuna ada aliyokuwa akimlipa mwenye kituo, nayo sasa inabaki mfukoni mwake. Ugomvi wa namna hiyo kwa nini uishe mapema?

Mama yangu anaishi Kibosho, kwenye nyumba iliyo bondeni, katikati ya migongo miwili ya mlima. Antena ya kawaida haishiki pale. Fundi aliifunga kwenye mlingoti mrefu kuliko paa, akaigeuza kila upande huku mtu wa ndani akimpigia kelele kumwambia picha imekuja au imeondoka, na kilichopatikana ni picha inayoganda, kuvunjika vipande vipande na kupotea. Ndiyo sababu tulinunua dishi. Kwake televisheni ina kazi tatu: taarifa ya habari, ibada ya Jumapili asipoweza kutembea hadi kanisani, na utabiri wa hali ya hewa wakati wa masika, kwa sababu barabara ya kushukia mjini huharibika na anataka kujua kama tutaweza kumfikia. Sinema za nje na ligi za Ulaya zimejaa kwenye kifurushi chake na hazitazami. Zilipoondolewa zile chaneli chache anazozielewa, kwake king'amuzi kizima kilikuwa kimezimwa, ingawa kwenye kumbukumbu za kampuni anahesabiwa kuwa mteja aliyepata huduma kamili.

Wenye kumbukumbu watakubaliana nami kwamba ving'amuzi hatukuviomba. Mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na zamu ya Arusha na Moshi ikafika Machi 2013. Kuanzia hapo antena iliyokuwa ikikupa picha bila kumlipa mtu yeyote ikawa haina kazi mpaka ununue king'amuzi. Tuliambiwa tusiwe na wasiwasi, kwa kuwa chaneli tano za kitaifa, yaani TBC1, ITV, Star TV, Channel Ten na EATV, zingeendelea kuonekana bure hata kama mtu hana fedha ya kifurushi. Watu walikubali kwa imani hiyo.

Tatizo ni kwamba wajibu wa kubeba chaneli za bure uliwekwa kwa kampuni zilizopewa leseni ya kusambaza matangazo ya dijitali kwa minara ya ardhini. Kampuni za setilaiti zina leseni ya aina nyingine, ya televisheni ya kulipia, na matokeo yake tuliyaona Agosti 2018, pale Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliposema kwamba leseni za kampuni hizo haziziruhusu kurusha chaneli za bure, na chaneli za ndani zikaondolewa kwenye ving'amuzi vya dishi nchi nzima. Baadaye zilirudi. Sababu ya mwaka ule ilikuwa leseni na ya safari hii ni mkataba, lakini tofauti hiyo haionekani ukiwa umekaa sebuleni mbele ya kioo cheusi. Na niseme ukweli, mwaka 2018 angalau sababu ilitangazwa hadharani na kila mtu akajua nani kaamua nini. Safari hii hatujaambiwa hata nani anadai kiasi gani kwa nani: kampuni inasema kituo kimepandisha ada, kituo kinasema kampuni inataka kukibeba bure na kuuza kazi yake ndani ya kifurushi, na hakuna karatasi hata moja iliyowekwa wazi ili sisi tunaolipa tupime ni nani msema kweli.

Wapo watakaosema hii ni shida ya nchi maskini. Si kweli, na mfano wa Marekani unafaa kuangaliwa kwa makini kwa sababu wenzetu wamekaa na ugonjwa huu muda mrefu. Sheria yao ya mwaka 1992 ilimpa mwenye kituo cha televisheni haki ya kuchagua, kila baada ya miaka mitatu, ama kampuni ya kebo ilazimike kumbeba bila malipo, ama asibebwe mpaka wapatane malipo. Vituo vikubwa vilichagua malipo, na tangu hapo mikataba inapofika mwisho ndipo vioo vinapozimwa, mara nyingi katika msimu ambao watazamaji ni wengi zaidi. Oktoba 2010, kituo cha Fox na kampuni ya kebo ya Cablevision walivutana kwa wiki mbili, na takribani wateja milioni 3 wa eneo la New York wakakosa michezo miwili ya kwanza ya fainali za besiboli. Agosti 2013 kituo cha CBS kilitoweka kwa mwezi mzima kwa wateja wa kampuni ya kebo ya Time Warner Cable katika miji kama New York, Los Angeles na Dallas. Kampuni hiyo ilipoteza zaidi ya wateja 300,000 wa televisheni katika robo ile ya mwaka, na tarehe 2 Septemba wakapatana.

Angalia kilichowasaidia wateja wale. Kwanza, wengi wao waliweza kununua antena ndogo ya ndani na kuipata CBS bure siku hiyo hiyo, kwa sababu kituo kilikuwa bado hewani kwa minara yake. Pili, waliweza kuhama. Na Januari 2024 tume yao ya mawasiliano ilifika mbali zaidi, ikapendekeza kwamba kampuni za kebo na setilaiti zilazimike kuwarudishia wateja sehemu ya fedha pale chaneli inapozimwa kwa ugomvi wa mkataba. Ni pendekezo, lakini limegusa mahali penyewe: anayezima chaneli aanze kuumia mfukoni tangu siku ya kwanza.

Sasa tuje kwetu milimani. Antena ya mnara haishiki bondeni, nimekwisha kueleza. Kuhama nako si jambo la kutamka tu. King'amuzi nilichonunua hakipokei kadi ya kampuni nyingine. Nikihama kinabaki kuwa pambo juu ya kabati. Dishi nalo limeelekezwa kwenye setilaiti ya kampuni hii, kwa hiyo lazima nimlipe fundi apande juu ya bati aligeuze, na mara nyingi atakwambia ununue jingine kabisa kwa kuwa la zamani halifai. Mwenye kibanda cha kinyozi pale Mbuyuni, ambaye wateja wake wanasubiri zamu huku wakiangalia habari, hawezi kuingia gharama hiyo kila mara wakubwa wanapogombana, na hana uhakika kwamba kampuni atakayohamia haitafanya vilevile mwaka kesho. Kampuni zinajua hilo vizuri. Zinajua kwamba mteja wa dishi akishanunua vifaa amefungwa, na nina hakika kwamba huo ndio ujasiri unaoziwezesha kuzima bila hata kutoa taarifa siku moja kabla.

Nilipopiga simu huduma kwa wateja, binti aliyepokea alikuwa na adabu na sina ugomvi naye, kwa kuwa anasoma alichoandikiwa. Alinieleza kwamba kifurushi cha mama kiko hai na kwamba bei ni ya kifurushi kizima, haihesabiwi kwa chaneli moja moja. Nilipouliza kama siku zitaongezwa, akasema masharti ya huduma yanairuhusu kampuni kubadilisha orodha ya chaneli wakati wowote. Nilikwenda kwa wakala mjini kuyaomba masharti hayo kwa Kiswahili, akacheka kidogo, akaniambia hajawahi kuyaona. Lakini ukutani nyuma yake bango la kifurushi lilikuwa bado limebandikwa, na nembo ya chaneli iliyoondolewa ipo pale katikati, safu ya kwanza, kubwa kuliko nyingine. Wakati tunaongea aliingia mzee mmoja aliyevaa koti la mvua, akaonyesha bango kwa kidole, akanunua king'amuzi. Nilimwambia, "Mzee, hiyo chaneli haipo tena." Wakala akanitazama kwa jicho kali na kumwambia mzee kwamba itarudi karibuni.

Nauliza wanaoijua sheria: Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha wateja katika biashara. Kuuza king'amuzi kwa bango lenye nembo ya chaneli ambayo muuzaji anajua kwamba ameiondoa kuna jina gani jingine?

Kuna wanaonijibu kwamba vituo navyo vina makosa, na nakubali. Kituo kinachojiita sauti ya wananchi na kuomba matangazo kwa kujinadi kwamba kinaonekana nchi nzima hakiwezi kukubali wananchi wa mlimani wazimiwe halafu kikae kimya kikisubiri bei ipande. Jirani zetu wa Kenya walipitia hali kama hiyo Februari na Machi 2015, vituo vikubwa vilipokuwa nje ya hewa kwa takribani wiki tatu katika mvutano wa kuhamia dijitali, na watazamaji wa kawaida hawakuwa na kiti mezani. Hata hivyo, kituo hakinitumii ankara. Aliyepokea fedha yangu kwa ahadi ya orodha fulani ya chaneli ni kampuni ya king'amuzi, na yeye ndiye ninayemdai.

Ninachodai hakihitaji kamati wala semina. Chaneli ya ndani ikizimwa kwa ugomvi wa mkataba, mteja aongezewe siku au apunguziwe bei bila kuomba, moja kwa moja, kama vile fedha inavyokatwa moja kwa moja. Taarifa itolewe kwa ujumbe wa simu siku 30 kabla ya mkataba kwisha, ili mtu asilipie miezi mitatu mbele kwa kitu ambacho kinakaribia kuondoka. Mabango yashushwe siku ile ile. Na kwa chaneli zile tulizoahidiwa bure mwaka 2013, TCRA iweke sharti kwamba hata mtu wa dishi azipate wakati wakubwa wanaendelea kujadiliana, kwa sababu aliyeko bondeni Kibosho, Uru au Machame hakuchagua kuishi mahali ambapo mnara haufiki.

TCRA ina ofisi ya Kanda ya Kaskazini pale Arusha, na utaratibu unataka uanze kulalamika kwa mtoa huduma kwanza, upate namba ya lalamiko, na usiporidhika ndipo upeleke kwao. Mimi namba yangu ninayo, na barua naiandika. Kwa kuwa barua ya mtu mmoja ni rahisi kuwekwa kando, naomba kila aliyeko Moshi, Arusha, Hai, Rombo na Meru aliyekatiwa chaneli aandike hapa chini aina ya kifurushi, tarehe aliyolipa na tarehe ambayo chaneli iliondoka, bila kuweka namba yake ya simu wala namba ya kadi. Mwenye picha ya bango la wakala lenye nembo ambazo hazipo tena aiweke, ionekane na tarehe. Nitaziambatanisha zote, na nakala nitaipeleka Tume ya Ushindani na Baraza la watumiaji wa huduma za mawasiliano.