Ushauri: nimepewa somo la uzalendo kanisani siku ya Uhuru, vijana wamenikalia kooni

Mzee_wa_Uyole

Bwana asifiwe wakuu, na kwa wasiosema hivyo habari za jioni. Naomba ushauri wa watu wazima, wa Simba na Yanga mtusubiri kwenye uzi wenu.

Mimi ni mzee wa kanisa huku Uyole, mkristo wa ule msimamo wa zamani, ndoa ni mume mmoja mke mmoja, pombe sigusi, serikali naiombea na kodi nalipa hata ikiuma. Mchungaji kanipa nusu saa tarehe 9 Desemba, kichwa cha somo kakiandika mwenyewe: Mkristo, uzalendo, uhuru na rangi za watu. Nikaona hii nyepesi, maana miaka mingi nawasikiliza wahubiri wa Marekani YouTube, wale wahafidhina wenyewe, kijana wangu ananitafsiria pale Kiingereza kinaponizidi. Nikaandaa notsi zangu safi kabisa, ipende nchi yako, heshimu bendera, uhuru anatoa Mungu sio serikali, na mambo ya rangi tuyaache maana mbele za Mungu hamna mweusi wala mweupe.

Alhamisi baada ya mazoezi ya kwaya nikawajaribishia vijana. Weee! Binti mmoja anasoma chuo hapa mjini akaniuliza, baba mzee, hao unaowanukuu si ndo babu zao kiimani walitetea utumwa kwa Biblia hii hii? Akataja Southern Baptist, dhehebu kubwa la Wabaptisti wa kusini mwa Marekani, kwamba walijitenga 1845 kwa kuwa walitaka mwenye watumwa naye aruhusiwe kuwa mmisionari, na kuomba radhi wakaja kuomba 1995. Nikaenda kuulizia kwa watu wanaojua, ni kweli tupu. Miaka 150 jamani, radhi ilikuwa inatafutwa wapi muda wote huo?

Hajakaa vizuri mwingine akarukia habari za Kaepernick, yule mchezaji wa Marekani mwaka 2016 alikuwa anapiga goti wimbo wa taifa unapoimbwa, kupinga polisi wanavyowafanyia weusi. Nikasema hiyo ni kuidharau nchi. Kijana ananijibu, "mzee, kwani sisi tukipiga magoti madhabahuni huwa tunamdharau Mungu?" Kwaya nzima kicheko, nikacheka nao.

Sasa mimi bado naamini uzalendo ni kitu chema kwa mkristo na sitaki kijana afundishwe kuichukia nchi yake kisa ina madoa. Ila sitaki pia nisimame pale kama kasuku wa siasa za watu wa ng'ambo. Niseme nini niache nini? Rangi niiguse au niiruke? Karibuni.

Kamwene_Iringa

Kamwene mzee wangu. Hizo notsi zichane nusu. Wenzetu kule makanisa mengi bendera inakaa ndani kabisa pembeni ya mimbari, na neno uhuru kwao limebeba mpaka haki ya kumiliki bunduki, wewe uhubiri uhuru wa namna hiyo hapo Uyole uone kama OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, hajaja kukupa somo la pili.

Una ya kwako ya nyumbani, kwa nini ukaazime? Oktoba 1961, Uhuru umebaki kama miezi miwili, bungeni kuna watu walitaka uraia wa Tanganyika uwe wa Waafrika tu, Wahindi na Wazungu wakae nje. Na ukifikiria watu walivyokuwa wametendwa na mkoloni, hasira zile unaweza kuzielewa. Nyerere akakataa katakata, raia apimwe kwa uaminifu wake kwa nchi sio kwa ngozi. Serikali yake ikawa na akina Amir Jamal na Derek Bryceson mawaziri, Mhindi na Mzungu, nchi ikaenda. Huyo ni mkatoliki wa misa za asubuhi, kwa hiyo hata uhafidhina unaoutafuta upo. Mambo ya goti waachie wenyewe wamalizane.

Kichwa_Ngumu

Huku Mbeya hamna ubaguzi wa rangi mzee usijitafutie kazi. Ongelea bei ya mbolea uone amina zitakavyopigwa.

Mama_Parachichi

Kichwa_Ngumu hamna ee? Njoo Tukuyu nikuonyeshe. Kanisani kwetu alikuja mgeni wa kizungu, kijana tu wa kujitolea, kaptula na ndala, mbio mbio akapelekwa kiti cha mbele karibu na wazee, kawekewa maji ya chupa, kaambiwa asalimie, kasema "mambo" kanisa zima vigelegele kama bibi harusi kaingia. Jumapili hiyo hiyo kaja bibi mmoja kashuka kutoka huko milimani, kitenge kimelowa umande mpaka magotini, kabeba ndoo ya maparachichi ya sadaka. Mhudumu wa mlangoni hajamwangalia hata usoni, kamwonyesha kidole tu lile benchi la nyuma linalovujiwa, na ndoo ikaachwa nje ukutani. Nimekaa nayo karibu nikaona, mbichi zote kazipanga chini zilizoiva kaziweka juu, kila moja kaifuta.

Sasa niambie huo ni nini kama sio rangi? Yakobo 2 imeanza na kitu hicho hicho, mwenye pete ya dhahabu kaa hapa pazuri, maskini wewe simama kule. Na Mchina wa mradi wa barabara akija mbele yake "bosi bosi", akigeuka watu wanavuta macho kwa vidole, tena wengine ni wanakwaya. Mzee usiende Marekani kutafuta dhambi, anza mlangoni kwako.

Mch_Mstaafu_Makambako

Mzee mwenzangu, hiyo ya "tuyaache" iondoe. Hesabu 12, Miriamu na Haruni walimnanga Musa kwa sababu ya mke wake Mkushi. Mungu hakusema tuyaache, Miriamu alitoka pale na ukoma. Kasome pia Matendo 17:26, mataifa yote katoka kwa mmoja, na mstari huo huo unasema mipaka ya makao yao ameiweka yeye. Pale una undugu wa watu wote na una nchi yako ya kuipenda, huhitaji kuchagua.

Mtoto_wa_Mbozi

Kwenye uhuru mbona mnapita juu juu? Mzee taja kesi ya huku kwetu. Wanafunzi wa sekondari Mbozi, Mashahidi wa Yehova, zaidi ya 100, walisimamishwa masomo na wachache wakafukuzwa kabisa kwa kukataa kuimba wimbo wa taifa. Mahakama Kuu ikawagomea, wakaenda Rufani, na 2013 wakashinda, ibara ya 19 ya Katiba, uhuru wa imani. Mimi ni Mmoraviani, mafundisho yao sikubaliani nayo hata nukta na wimbo wa taifa naimba kwa nguvu zote, tena naona ni sala, maana ule muziki alitunga mwalimu wa shule ya misheni Afrika Kusini mwaka 1897. Lakini sala ya kulazimishwa na fimbo ni sala gani? Baba yangu kesi ile ilimkera mpaka leo, anasema nchi ilidekeza watoto. Nikamuuliza siku wakisema walokole marufuku kukesha utaenda kujificha mahakama gani, akabadilisha mada tukaongelea kahawa.

Msemakweli_Vwawa

Naona wakristo wahafidhina wanapigwa mawe tu hapa. William Wilberforce aliyepambana mpaka Uingereza ikapiga marufuku biashara ya utumwa 1807 alikuwa mkristo wa msimamo kuwazidi nyie wote. Wamoraviani walioleta Injili Rungwe 1891 ni ukoo mmoja na wale walioanza 1732 kuwahubiria watumwa kule St. Thomas, Karibiani.

Mtoto_wa_Mbozi

Na misheni hiyo hiyo ya St. Thomas ikaja kumiliki shamba na watumwa, malizia basi hadithi mkuu.

Msemakweli_Vwawa

Sijakataa. Yote mawili yasemwe, mzee asije akasema upande mmoja tu.

Mzee_wa_Uyole

Wakuu nimesoma yote, mbarikiwe. Mama Parachichi hiyo ya kiti cha mbele na kwetu ipo, maji ya chupa yananunuliwa kabisa kwa ajili hiyo. Ya Mbozi bado naitafuna, binafsi naona mtoto wa shule aimbe, ila kumfukuza hapana. Na huyo Kaepernick, goti lake mimi silipigi, ila neno msaliti nimelifuta kwenye notsi.

Swali moja limebaki. Kwetu kuna Mchina anasali, fundi wa mitambo, Kiswahili anakijua vizuri. Nimsimamishe siku hiyo kama mfano wa umoja?

Mama_Parachichi

Usithubutu! Umsimamishe kama nani, maonyesho ya Nane Nane? Mpe usomaji wa Neno wiki nyingine kama unavyompa mtu yeyote, tena bila kutangaza katoka wapi.

Kamwene_Iringa

Naunga mkono. Alafu angalia saa mzee, Musa, Nyerere, Rufani na St. Thomas kwa nusu saa? Watu wana ng'ombe wa kukamua.

Mzee_wa_Uyole

Basi hasimami. St. Thomas nimeiacha, vijana wakiuliza nitawajibu nje. Naanza na Yakobo 2, Nyerere katikati, Mbozi nagusa. Wahudumu wa mlangoni nimewaitia kikao Jumamosi kabla sijasimama mimi Jumapili ya mbele yake, na mgeni atakaa atakapokuta nafasi.

Kichwa_Ngumu

Na mbolea?

Mzee_wa_Uyole

Mbolea ipo kwenye maombi, namba nne, baada ya Rais.