Devers ameondoka, Red Sox wanashinda, na mimi bado nina kinyongo. Nani alivunja neno?

Dereva_wa_Tanga (Worcester, Massachusetts)

Wakuu, habari za siku nyingi; naandika Agosti 2025. Wengi humu ni watu wa soka, ila tupo kadhaa tulionaswa na besiboli huku ughaibuni. Mimi ilininasa kwenye lori. Miaka yangu ya kwanza hapa nilikuwa nasambaza mikate usiku, redio ikiwa ndiyo mwenzangu, na sauti ya Joe Castiglione ndiyo iliyonifundisha mchezo huu kabla sijauona uwanjani. Mzee yule alitangaza redioni mechi za Red Sox, timu ya Boston, miaka 42, akastaafu 2024. Kwa hiyo ninaposema jambo hili linaniuma, naomba mnielewe.

Jumapili ya Juni 15, 2025 tuliwafagia Yankees wa New York, yaani tuliwashinda michezo yote, pale uwanjani kwetu Fenway, mchezo wa mwisho 2-0. Rafael Devers, mpigaji wetu, alimpiga mrushaji wao Max Fried homurani, lile pigo la kuvusha mpira nje ya uwanja. Jioni niko jikoni, wali haujakauka, simu ikaanza kuita mfululizo: Devers amepelekwa San Francisco Giants. Timu ilikuwa inasafiri kwenda Seattle, yeye akaambiwa safari hiyo haimhusu.

Kwa wasiofuatilia, kijana huyu wa Jamhuri ya Dominika alisajiliwa na Boston akiwa na miaka 16, akaingia ligi kuu 2017, na alikuwa wa mwisho kubaki katika kikosi kilichotwaa ubingwa 2018. Mookie Betts walimpeleka Dodgers ya Los Angeles 2020. Xander Bogaerts wakamwacha aende San Diego mwishoni mwa 2022. Mashabiki tulipiga kelele mpaka sauti zikakauka, na Januari 2023 Devers akapewa miaka 10 kwa dola milioni 313.5. Niliuchukua mkataba ule kama klabu imekuja kutuomba radhi.

Kisha Februari 2025 wakamsajili Alex Bregman, miaka 3, dola milioni 120. Usajili huo wenyewe ulishatugawa, maana Bregman alikuwemo kwenye timu ya Houston Astros ya 2017, ile iliyoiba ishara za wapinzani kwa kamera na kumjulisha mpigaji kwa kugonga pipa la taka. Wapo jamaa zangu walioapa kutomshangilia. Mimi niliumizwa na jingine: Bregman ni mtu wa kudaka beisi ya tatu, na beisi ya tatu ilikuwa na mwenyewe. Devers alisema wazi kambini Florida kwamba aliposaini walikubaliana nafasi ni yake. Uongozi uliokubaliana naye ulikuwa umeshaondoka, akaja bosi mpya Craig Breslow na mipango yake.

Hatimaye alikubali kuwa mpigaji mteule, yaani anaingia kupiga tu, haendi kudaka. Alianza vibaya sana, michezo mitano ya kwanza hakupata hata pigo moja la kumfikisha beisi, watu wakaanza kumzomea. Akainuka mwenyewe. Anaondoka ana homurani 15. Katikati ya hayo, Mei 2, Triston Casas, mdakaji wetu wa beisi ya kwanza, akakatika kano ya goti akikimbilia beisi ya kwanza. Wakamrudia Devers: hebu njoo udake hapa. Akakataa. Alisema ni wao waliomwambia aweke glavu kando. Mmiliki John Henry alipanda ndege hadi Kansas City kuzungumza naye, na wiki tano baadaye kijana hayupo.

Tulichopata ni Jordan Hicks, Kyle Harrison, James Tibbs na kijana mmoja mrushaji, Jose Bello. Giants wakabeba deni lote la mkataba, zaidi ya dola milioni 250. Tibbs hakumaliza hata miezi miwili kwetu, Julai 31 dirisha linafungwa akapelekwa Dodgers tukampata Dustin May. Tukaongeza mrushaji mwingine, Steven Matz. Basi. Hizo milioni 250 sijaziona uwanjani.

Lakini timu inashinda! Tulishinda michezo 10 mfululizo kuelekea mapumziko ya Julai. Kila nikifungua mdomo kazini naambiwa, "Umeona? Tulifanya vizuri kumwondoa." Hapo ndipo nisipoelewana nao. Kushinda baada ya kuvunja neno hakulirudishi neno.

Labda naliona hivi kwa sababu limenipata. Kuna kampuni iliniajiri kama dereva, tukakubaliana, nikasaini. Miezi saba baadaye nakuta jina langu limebandikwa ghalani, kupanga masanduku. Hakuna aliyeniita kuniambia. Wiki moja baadaye dereva mmoja akaugua, wakanirudia wakitabasamu. Nilikataa, nikaacha kazi. Mshahara ulikuwa uleule, sikuwa nadai hela.

Swali langu: Devers alikosa nidhamu, au klabu ndiyo iliyoanza?

---

Mama_Baraka (Lynn, Massachusetts)

Kaka, pole kwa yaliyokukuta kazini, ila kwa Devers siko nawe hata kidogo.

Umemtaja Mookie Betts ukapita haraka. Rudi hapo. Betts ana Glavu za Dhahabu 6, tuzo za mdakaji bora, za uwanja wa kulia, mkataba wa dola milioni 365, ubingwa na Boston, ubingwa na Dodgers. Timu yake ilipokosa mtu wa kati ya beisi ya pili na ya tatu, nafasi ngumu kuliko zote za ndani, alikwenda. Ana miaka zaidi ya 30. Alianza kujifunza kudaka mipira ya kutambaa kama mtoto wa shule, akakosea mbele ya dunia nzima, akarudi kesho yake. Hakumuuliza mtu waliahidiana nini.

Mimi nafanya kazi nyumba ya wazee. Usiku mwenzetu akikosekana, hakuna anayesema "mimi nimeajiriwa ghorofa ya pili." Bibi wa ghorofa ya tatu naye anahitaji kugeuzwa. Casas alianguka, timu ilikuwa na shimo, na mtu mwenye mkataba mkubwa kuliko wote alikuwa amekaa benchi akisubiri zamu ya kupiga. Vijana wadogo waliokuwa wanaingia kikosini walikuwa wanamtazama yeye. Ahadi ya beisi ya tatu naikubali, walimkosea. Lakini Mei haikuwa habari ya beisi ya tatu tena.

Na lililoniumiza zaidi, amefika San Francisco, Julai akavaa glavu ya beisi ya kwanza. Kumbe aliweza.

---

Mkenya_wa_Bay (Oakland, California)

Salamu kutoka upande wa pili. Mimi nilikuwa shabiki wa A's (Athletics), timu ya hapa Oakland, miaka 11, mpaka timu ikaondoka Oakland mwisho wa msimu wa 2024 ikaenda kucheza Sacramento. Sikuwafuata. Nilivuka daraja nikaanza kuwatazama Giants, kwa hiyo mambo ya klabu kuvunja mioyo nayajua.

Mama Baraka, hilo la beisi ya kwanza ni kweli, alianza Julai 22. Lakini huku Buster Posey, bosi wa Giants, hakumficha kitu. Beisi ya tatu ina Matt Chapman, kila mtu anajua, Devers alilijua hilo kabla hajatua. Alifika mgongo na kinena vinamsumbua, wakamngoja, akafanya mazoezi wiki kadhaa, ndipo akapangwa. Ameombwa, hajaamriwa. Juni 21 mlipokuja kwetu aliwapiga homurani, na uwanja mzima ulisimama.

Sasa niseme ukweli wangu ingawa unauma. Siku tulipompata tulikuwa tumeshinda 41 na kupoteza 31. Nilidhani tunaenda mchujo. Baada ya hapo timu imeporomoka vibaya, hasa nyumbani, na dirisha lilipokaribia kufungwa tukaanza kuuza sisi: Camilo Doval kwa Yankees, Tyler Rogers kwa Mets, Mike Yastrzemski kwa Royals. Yastrzemski, ambaye babu yake ndiye Carl Yastrzemski, nguli wenu wa Red Sox! Mchezaji mmoja, hata akiwa Devers, hawezi kurusha mpira, kudaka na kupiga kwa watu tisa. Na ukuta wetu wa kulia ni mrefu, upepo wa ghuba unarudisha mipira ya wapigaji wa mkono wa kushoto kama yeye. Tunamlipa hadi 2033. Sijui kama nafurahi.

---

Chuma_cha_Reli (Silver Spring, Maryland)

Mkenya wa Bay, usikate tamaa mapema, na wewe Dereva usishangilie wala kulia mapema. Mimi ni shabiki wa Nationals wa Washington. Agosti 2, 2022 tulimpeleka Juan Soto San Diego. Ana miaka 23, ametupa ubingwa 2019, amekataa dola milioni 440 za miaka 15. Nilikaa kwenye gari nje ya duka la nyama nikashindwa kushuka.

MacKenzie Gore na James Wood, wawili kati ya waliokuja kwa Soto, wote walikuwa kwenye mchezo wa nyota Julai 2025. CJ Abrams, naye wa biashara hiyo, alikuwa huko 2024. Kwa karatasi, hakuna aliyepata zaidi yetu. Na Soto mwenyewe sasa yuko Mets kwa dola milioni 765, kwa hiyo kukataa kwake kulikuwa na hesabu.

Lakini je, tunashinda? Hatushindi. Msimu huu wa 2025 tuko chini kabisa, na Julai 6 walifukuzwa kwa siku moja meneja mkuu Mike Rizzo aliyefanya biashara ile na kocha Davey Martinez. Miaka mitatu tunaambiwa subirini. Biashara nzuri bila kuongeza watu juu yake ni mbegu uliyoipanda ukaacha kumwagilia. Dereva, swali lako la milioni 250 ndilo ningelishikilia mimi, hilo la nidhamu ningeliacha. Waulizeni Januari 2026.

Na tusiwasahau Rockies wa Colorado. Mei 2025 walipigwa 21-0, kesho yake kocha Bud Black akaondolewa, wakiwa wameshinda 7 na kupoteza 33. Wale hata cha kugombania hawana.

---

Glavu_Dar (Dar es Salaam)

Shikamooni wakubwa. Mimi nimejifunza besiboli shuleni hapa Dar kwa walimu Wajapani, nikacheza miaka minne, nafasi yangu beisi ya tatu. Naomba kusema jambo moja la uwanjani, kwa sababu naona wote mnazungumza kama kuhama beisi ni kuhama kiti.

Beisi ya tatu mpira unakuja kwa kasi mpaka unasikia unalia. Kazi yako ni kuuzuia, hata kwa kifua, kisha kuurusha karibu mita 39 kuvuka uwanja. Ukiangusha, unao muda kidogo wa kuokota. Beisi ya kwanza ni kinyume. Unakaa unapokea, mguu mmoja umegusa beisi, mwili umenyooka kama umevutwa kamba, na mkimbiaji anakuja mbio nzima pembeni yako. Glavu yenyewe ni nyingine, ndefu, vidole havijatenganishwa. Nilihamishwa mashindano mamoja tu baada ya mwenzangu kuumia. Siku ya pili niliweka mguu katikati ya beisi badala ya ukingoni, jamaa akanikanyaga kisigino, nikatembea kwa kuchechemea mwezi mzima.

Nilikubali kwa sababu mwalimu alinifuata jioni, akanipa glavu yake, akanirushia mipira mpaka giza likaingia. Angetuma mtu aniambie, nadhani ningesema hapana. Simtetei Devers. Nataka tu mjue wanaombwa nini.

---

Dereva_wa_Tanga

Marahaba kijana wangu. Umenisaidia kusema nilichoshindwa.

Mama Baraka, nakupa hili bila kinyongo: Mei alipaswa kujaribu. Nimelala nalo usiku kucha. Mfano wa bibi wa ghorofa ya tatu umenikaa. Nami nadhani kama angeenda hata mazoezini wiki mbili, akashindwa mbele ya macho yetu, leo tungekuwa tunazungumza mengine. Lakini hapo pa mwalimu kuja mwenyewe na glavu yake ndipo ninapobaki. Bregman alisajiliwa kwanza, mwenye nafasi akaelezwa baadaye. Henry alipanda ndege Mei. Alipaswa kuipanda Februari.

Chuma, nakubali, Januari nitawauliza.

Juzi, Agosti 6, 2025, Red Sox wamempa Roman Anthony miaka 8, dola milioni 130. Alikuwa na miaka 21, hajamaliza miezi miwili ligi kuu. Nilimwona hapa Worcester, kwenye timu ya chini ya Red Sox, kabla hajapandishwa, kijana anaujua mpira wa kuuacha upite, kitu ambacho wengi hukijulia uzeeni. Nilifurahi, kisha nikajikuta nauliza wamemwambia atacheza wapi.

Binti yangu ana jezi namba 11, ya Devers. Ameniuliza kama bado inaruhusiwa kuvaliwa. Nimemwambia avae. Agosti hii ya 2025 Kyle Harrison alikuwa hapa kwetu na timu ya chini, tukapanga kwamba akipangwa kurusha tena kwenye uwanja wao wa Polar Park tutakwenda wote wawili, nilitaka kumtazama vizuri huyu tuliyempata.