Kundi la Jirani Uyole, Mbeya: hilo dude la Msumbiji, yaani kimbunga, liko wapi sasa?

[06:41] Mama Eliza: Ugonile jamani. Kundi la kwaya wamerusha ramani ina duara jekundu, eti kimbunga kinakuja Mbeya. Mbolea ya urea ya kukuzia tuweke leo au tusubiri?

[06:44] Baba Gwakisa: Ugonile mama. Mbeya hakiji. Kimbunga kinakula joto la bahari, maji ya nyuzi 26.5 kwenda juu. Kikipanda nchi kavu chakula kimekatika. Kwetu inafika mvua yake, au inakosekana mvua kwa sababu yake. Na ramani isiyo na tarehe wala saa tuache kuirusha.

[06:49] Ipyana: Taarifa ya kituo cha vimbunga cha kisiwa cha Réunion ya saa 00 UTC (saa ya dunia), kwetu ni saa 9 usiku: kitovu 16 Kusini, 41 Mashariki. Upepo noti 50, yaani maili za baharini kwa saa. Zidisha kwa 1.85, unapata kama km 93 kwa saa. Kwa madaraja yao hiyo ni tufani kali, kimbunga kinaanzia noti 64.

[06:51] Dada Tumpe: Kaka Ipyana, programu yangu ya simu inaandika noti 57. Kimeongezeka?

[06:53] Ipyana: Hapana dada. Réunion wanatoa wastani wa upepo wa dakika 10, Wamarekani wa dakika 1, lazima wao watoke juu. Chagua mmoja ufuatane naye. Ukirukaruka utaona kinapanda na kushuka wakati kimetulia tu.

[06:58] Mzee Anyosisye: Namba ya upepo isiwasumbue sana, watoto. Kwetu sisi swali ni moja: kiko upande gani wa Madagaska?

[06:58] Dada Tumpe: Shikamoo mzee. Tueleze.

[07:06] Mzee Anyosisye: Marahaba. Huku kusini mwa ikweta kimbunga huzunguka kufuata mshale wa saa. Kwa hiyo upande wake wa kaskazini upepo unatoka magharibi. Kikikaa mlango-bahari wa Msumbiji kama hiki, upepo huo unavuta unyevu wa Kongo, unaupitisha Rukwa, Songwe, Mbeya, na milima yetu inaunyanyua. Hapo ndipo mvua inanyesha mchana na usiku. Kikiwa mbali mashariki ya Madagaska, mara nyingi unyevu unavutwa kwenda kwake, na huku tunapata jua kali katikati ya masika tukidhani msimu umeisha. Dude ni lilelile, limehama kiti tu.

[07:09] Baba Gwakisa: Na umbali. Nyuzi 1 ya ramani ni kama km 111. Mbeya tuko karibu 9 Kusini, 33 na nusu Mashariki. Toka kitovuni ni km elfu moja na ushee, na bado kinatugusa.

[07:12] Mama Eliza: Sasa urea?

[07:15] Baba Gwakisa: Isubiri. Mamlaka ya Hali ya Hewa wakisema mvua kubwa wanamaanisha zaidi ya mm 50 ndani ya saa 24. Mvua hiyo inaisomba urea au kuizamisha chini ya mizizi. Subiri ipungue, udongo ukiwa na unyevu bila kutuamisha maji. Weka sm 5 hadi 10 kutoka kwenye shina, FUKIA. Ikiachwa juu na jua likatoka, naitrojeni inapaa hewani, harufu yake unaisikia kabisa.

[07:21] Mama Faraja (Matema): Jamani na sisi wa ziwani? Kuna mzigo wa mchele wa kwenda Lupingu kwa boti.

[07:27] Mzee Anyosisye: Mama, ninyi ndio wa kuangalia zaidi leo. Upande wa magharibi wa kimbunga upepo unatoka kusini, na Ziwa Nyasa limelala kusini-kaskazini. Maji yanasukumwa zaidi ya km 500 bila kizuizi, mwisho wake ni Itungi na Matema. Wimbi linaweza kuwahi kufika kuliko upepo wenyewe, kwa hiyo asubuhi tulivu isiwadanganye.

[07:30] Ipyana: Na watabiri wakiandika wimbi mita 2, hiyo ni wastani wa theluthi ya mawimbi yaliyo makubwa. Moja moja linaweza kukaribia mita 4. Mtumbwi hauzamishwi na wastani.

[07:32] Mama Faraja: Mzigo unabaki. Ndaga fijo.

[07:40] Dada Tumpe: Samaki wa Mtwara wa Ijumaa?

[07:42] Ipyana: Agiza wa barafu wa wiki iliyopita 😅 Wavuvi hawatatoka.

[07:48] Baba Gwakisa: Kikiingia nchi kavu msiseme kimeisha. Kimbunga Freddy cha Machi 2023 kiliingia tena Msumbiji upande wa Quelimane, upepo ukapungua, ila mvua iliendelea siku kadhaa hadi Malawi, na Blantyre milima ikaporomoka. Wa Tukuyu na Rungwe, nyumba zilizo chini ya ukingo uliokatwa: ukiona ufa mpya juu ya ukingo, au chemchemi imegeuka tope ghafla, ondokeni usiku huohuo.

[07:55] Mama Eliza: Na viazi vya Isyonje, baba? Majani yako fresh bado.

[08:01] Baba Gwakisa: Baridi na majani kushinda yamelowa ndiyo starehe ya ukungu. Piga mankozebu, dawa ya ukungu, leo kabla ya saa 6, ikauke vizuri kabla ya mvua. Ile inakaa juu ya jani tu, ikinyeshewa mbichi umeosha shamba. Chini ya majani pia. Kama madoa yameshaonekana, hiyo peke yake haitoshi, nunua ya kupenya ndani.

[08:03] Ipyana: Taarifa ya saa 06 UTC ikitoka naiweka hapa. Angalieni namba ya Mashariki kwanza.