Naomba ushauri: bosi anataka tuzo ya mazingira, fomu najaza mimi

Hamjambo ndugu zangu. Niko kampuni moja ya uchukuzi hapa Shimanzi, Mombasa. Mkurugenzi wetu anataka kuwania tuzo ya viongozi wa uendelevu, na fomu nimetupiwa mimi, karani wa hesabu.

Tulicho nacho ni picha: fulana za kijani, mikoko tuliyopanda Tudor, mkurugenzi ameshika mche. Mingapi ilishika? Hakuna aliyerudi kuhesabu. Fomu nayo inataka mengine kabisa: hewa chafu ya dizeli tunayochoma wenyewe (kundi la 1), ya umeme tunaonunua (la 2), na nyingine isiyo yetu moja kwa moja, kama ya wanaotuuzia bidhaa na huduma (la 3), zote zilinganishwe na mwaka wa msingi, yaani mwaka wa kuanzia kupima, tena zikaguliwe na mtu wa nje. Pia wanauliza mkurugenzi binafsi aliamua nini.

Dizeli naiweza, risiti za malori zipo tangu 2021. Kundi la 3 ndilo limenishinda. Mliowahi kujaza, mlianzia wapi? Na nikikiri kwamba hatujalipima, nitamponza? Yeye anasema niweke makadirio "yanayopendeza". Roho yangu inakataa, maana sahihi kwenye fomu ni yangu.